Kichwa Changu Kilivyomuua Wandera

Sipendi kusimulia habari hii, na kama nisingekuwa naitwa mpaka leo sokoni Tororo kwa jina la "Mwalimu wa Matanga" ningeiacha ioze hukohuko, lakini kwa kuwa aibu yangu imeshatembea kuliko miguu yangu, afadhali mwenye kichwa aseme mwenyewe.

Kichwa, naam, ndicho chanzo. Mshipa ulipasuka humo ndani, damu ikavuja kwenye ubongo, nikalala hospitali wiki nyingi, nikatoka na miguu inayotembea na ulimi unaochelewa (mtu niliyefundisha chuoni, niliyekuwa nikilipwa kwa kusema, sasa nikilitafuta neno "kijiko" mpaka chai inapoa). Tena kulikuwa na machozi, yaliyojitokea yenyewe bila huzuni yoyote, hata redio ikitangaza sabuni. Daktari alisema ni ugonjwa tu, yatapungua.

Kila baada ya muda nilivuka mpaka kwenda Busia, upande wa Kenya, kupimwa. Dada wa mashine anakupaka mafuta mazito ya baridi kwenye panja, anabonyeza kifaa kama kalamu nene, na unasikia damu yako mwenyewe ikipita kichwani, shwaa, shwaa, kama mtu anayefagia uwanja. (Ikikimbia mno ni mbaya, mshipa umejibana, kama mpira wa maji ukiukanyaga.) Siku hiyo alisema inapita vizuri.

"Na maneno?" nikauliza.

"Maneno yanataka watu, Mwalimu. Nyumbani unaongea na nani?"

"Na watu," nikasema. Nilikuwa naongea na redio.

Akanifuta panja. "Ukija tena, punguza nywele hapa kando. Zinatusumbua."

Kando tu, ndivyo alivyosema. Lakini kinyozi wangu wa Tororo alidai nikinyoa kando peke yake nitafanana na jogoo aliyetoka vitani, nami, kwa kujiona bado nina sura ya kuharibika, nikamwambia basi toa zote. Nikarudi nyumbani kichwa kikimeta, waendesha boda wakinyamaza nikipita, mmoja akavua kofia, nikadhani ni heshima kwa mgonjwa. Mimi niliyezaliwa Samia, hapa jirani, na vitabu vyote hivyo nilivyosoma, sikukumbuka kwamba huku mtu aliyejulikana miaka yote kwa kichaka chake cha mvi hanyoi kipara ghafla ila amefiwa.

Mama Owori, jirani yangu mzaliwa wa Petta, akaingia uani. Tangu nitoke hospitali hakuwa ameingia (majirani waliambiwa nahitaji utulivu, wakanipa utulivu mpaka ukanishinda). Akakitazama kichwa. Akaketi chini palepale.

"Mwalimu. Nani? Si Wandera?"

Wandera ni mdogo wangu, anashona maturubai ya malori Busia, ndiye ndugu pekee aliyenibakia. Nilitaka kusema Wandera ni mzima kabisa. Nikasema "Wandera...", neno la pili likakwama, na machozi, yaleyale ya sabuni, yakashuka.

Mama Owori akapiga yowe ambalo nadhani lilifika kiwanda cha saruji.

Sasa hapa ndipo penye aibu yenyewe. Sentensi yangu ilikuja. Ilikuja nzima, Mama Owori akiwa bado ananichemshia chai. Lakini tayari watu walikuwa wanaingia, wazee na viti vyao, akina mama na kuni na unga wa mtama, na mzee mmoja akanishika mkono akaniuliza Wandera alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyeniuliza swali refu hivyo tangu niugue. Nikaanza kumjibu. Nikasema utotoni alikuwa anaogopa bata, wakacheka kwa adabu, na nilipokwama walinisubiri, hakuna aliyenimalizia neno. Nikaona nimalize bata kwanza, ukweli utafuata. Nilipomaliza bata nikaingia kwenye habari ya baiskeli ya baba, na moto ulikuwa umewashwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha.

Katekista aliyekuja kuongoza sala ndiye aliyeharibu. Alipiga simu ya marehemu ili yeyote aliyenayo amwambie mwili uko wapi. Marehemu akapokea.

Katekista akatuangalia wote. "Anauliza," akasema polepole, "amekufa saa ngapi."

Uwanja mzima ukageukia kichwa changu.

"Mwalimu," akasema yule mzee, akiuachia mkono wangu, "nywele ziko wapi?"

"Mashine," nikasema. "Ya... damu."

"Mimi nalia mpaka kamasi inatoka," Mama Owori akafoka, "kumbe ni mashine! Wewe mzee, wewe!"

Wengine walicheka, wengine walisonya, lakini hakuna aliyeondoka, kwa sababu kila mtu alitaka kumwona maiti akifika. Akafika kwa boda, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nani ananizika bila kunialika?"

Wakaangua kicheko. Mimi nikasimama, na maneno yakatoka yote, kwa mstari, bila kukwama hata mara moja: "Nimelala hospitali wiki zote zile hukuja, leo umekufa ndiyo umekuja."

Kicheko kikakatika. Wandera akatazama viatu vyake.

"Niliogopa, kaka. Niliogopa kukukuta huongei."

Akanywa chai ya matanga yake mwenyewe, akasema kuna lori linamsubiri, akaondoka. Watu nao wakabeba viti vyao, wakabeba na unga. Mama Owori alimwagia moto maji. Nikabaki na redio.

Safari iliyofuata dada wa mashine alisikiliza, shwaa, shwaa, akasema maneno yameongezeka, nimekuwa nikiongea na nani? Nikamwambia na waombolezaji. Akadhani bado nachanganya maneno.

Nimeapa kwamba nywele nitazipunguza kando tu, hata nikifanana na jogoo wa namna gani. Mvi zimeota tena. Ila nikipita mbele ya kinyozi, mkono hupanda wenyewe kichwani, nami huharakisha hatua.