Uchovu Usio na Jasho

Kwetu Butiama mtu aliyechoka anajulikana. Jasho limemkaukia shingoni, na ukimpa maji anamaliza kopo bila kupumua. Uchovu wangu haukuwa na ushahidi wa namna hiyo. Niliamka nao chumbani kwangu Nyasho, mjini Musoma, nikiwa nimelala vizuri, nikabaki nimekaa kitandani naitazama miguu kama mizigo ya mtu mwingine. Nje majirani walikuwa wameshafagia na kubandika chai, na mimi hata kandambili sijavaa.

Utumbo wangu mpana una vidonda. Vinapona, halafu vinarudi vinapojisikia. Kabla sijalijua hilo nilitibiwa amiba na taifodi mpaka muuza dawa wa Iringo, jirani na kibaraza ninaposhonea nguo, akawa akiniona tu anainuka kushika kopo la vidonge. Nilihara damu, nikakonda, na kila mtu akanipa ugonjwa aliotaka yeye. Mwishowe nilipelekwa Mwanza kwenye kipimo cha kamera, na tangu hapo nahudhuria kliniki Bunda. Dawa zilituliza tumbo na damu ikakata. Uchovu ulibaki, na huo ndio niliokuwa nashindwa kumweleza mama.

Mama yuko Butiama, peke yake na shamba lake la mtama. Aliponipigia simu kuniita kwenye palizi nilimwambia, "Mama, nimechoka." Nilitaka kuendelea. Yeye akacheka kidogo.

"Nani hajachoka, mama? Njoo tuchoke wote."

Palizi kwetu ni ya risaga: wanawake wa kitongoji leo wako shamba la huyu, kesho la yule, kila mmoja na mstari wake, na mwenye shamba anapika. Mimi nilikuwa mtu wa mstari wa kwanza, ule wa upande wa njia. Nilianzisha wimbo, nikaongoza, na aliyebaki nyuma nilimtania mpaka akaomba poo. Nilikuwa na domo, lakini jembe lilinipa haki ya kuwa nalo. Sasa nilikaa kibarazani, kichwa nimekilaza juu ya kitambaa cha mteja, nikatamani harufu ya magugu yaliyong'olewa. Nilitamani kelele za wale wanawake. Zaidi ya yote nilimkumbuka mama. Mvua zile zote sikwenda, na kutoka Musoma mpaka Butiama wala si safari ya kuaga watu. Nilivijua vyoo vyote kati ya Nyasho na Iringo. Shambani kwa watu nani angenisubiri nikikimbilia vichakani, kisha nikishindwa kuinuka?

Kliniki, muuguzi aliyenipokea alikuwa mama wa makamo asiye na haraka.

"Tumbo?"

"Limetulia."

"Usingizi?"

"Upo."

"Na moyo?"

Nikasema moyo hauna shida, nikaanza kulia palepale, makamasi na machozi, mbele ya foleni nzima. Alinipa pamba nijifute, akangoja. Kisha akaniambia uchovu huu ni sehemu ya ugonjwa. Hata vidonda vikilala, wenyewe unaweza kubaki macho. Atanipima kama damu imepungua. Huzuni nayo nisiifiche, ina watu wake wa kuisikiliza hapohapo kliniki. Na nijifunze kupumzika kabla sijachoka: nifanye kidogo, nikae, nifanye tena.

"Unamkumbuka nani?" akauliza.

"Mama."

"Yuko wapi?"

"Butiama."

Akanitazama kama niliyemwambia mama yuko chumba cha pili. "Si uende, dada."

Nikaenda. Mama alinipokea kwa uji. Asubuhi akatangulia shambani, nikamfuata. Mtama ulikuwa umesimama, shamba safi, isipokuwa mstari mmoja, wa kwanza, wa upande wa njia. Huo magugu yalifika magotini, na mtama ndani yake ulikuwa mwembamba, wa njano. Wanawake wetu hawaugusi mstari wa mtu anayengojwa. Ukimpalilia mtu mstari wake ni sawa na kumwambia asije tena. Mimi nilikasirika. Niliona uvivu wangu umeanikwa njiani, kila apitaye ausome.

Nilishika jembe kwa hasira hiyo, nikapalilia kipande kidogo. Halafu nikakumbuka, nikaketi chini. Mama akasimama.

"Umeumia?"

"Hapana. Nakaa kabla sijachoka."

"Kabla?"

"Nikichoka siinuki, Mama. Siyo siku ile tu. Na wiki inayofuata."

Mama alikuwa bado ananitazama wakati dada yake, mama yangu mkubwa, alipopita njiani na ndoo kichwani.

"Ehee. Huyu si ndiye alikuwaga anatukimbiza? Leo analima na matako?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana ilikuwa muda mrefu hakuna aliyenitania. Mgonjwa watu humwonea huruma tu. Mama hakucheka. Aliweka jembe chini, akaketi kwenye udongo ubavuni kwangu, miguu ameinyoosha.

"Ndio tunavyolimaga siku hizi," akamwambia dada yake. "Wewe nenda."

Tulikaa hivyo, bega kwa bega. Kisha akainuka nilipoinuka mimi. Asubuhi zilizofuata tulifanya vilevile, kipande na kikao, na mara mbili nilikimbilia choo cha jirani bila mtu kuuliza. Siku ya kurudi Musoma nusu ya mstari wangu ilikuwa bado pori.

"Waambie wenzako wamalizie," nikamwambia. "Mtama utakufa."

"Na ufe." Alikuwa anafunga kanga kiunoni, akaifungua, akaifunga upya. "Walisema huji tena, wakataka kuumaliza siku ileile ya palizi, nikawakataza. Niliona ukiisha, hutakuwa na kitu cha kukurudisha."