Biblia Nyuma ya Mlango Uliofungwa

Nimechoka kuulizwa, acha niseme mwenyewe: nilimfanyia mke wangu matanga, naye yuko mzima.

Alikuwa ameenda Nyangwe kwa pikipiki kununua samaki. Mimi, mtu wa kukaa nyumbani, nikaamua kuanza kusoma Biblia peke yangu. Ili kuku wasinisumbue, nikafunga mlango. Lakini hapa kwetu Kasongo, nani anafunga mlango mchana kama si mgonjwa ao mfiwa? Tena niliangukia zaburi za huzuni, nikazisoma kwa sauti yangu hii ya uchovu, nikivuta kila neno. Majirani wakasikia mwanaume analia ndani, mke yuko njiani. Wakajua pikipiki imeanguka.

Nilipofungua, wanawake walikuwa wameshatandika mikeka, wanalia. Mara mke wangu akafika, akatupa ndoo ya samaki.

"Nani amekufa?"

Wote wakanitazama.

"Hakuna mutu," nikasema. "Nilikuwa nasoma."

Mama Zaina, jirani yetu Mwislamu, akakunja mkeka wake: "Baba Feza, siye tunasoma Kurani kwenye baraza, kila mutu anaona. Weye Neno la Mungu unalifungia ndani, kama mutu anakula nyama peke yake!"