Mkuu wa Kaya

Kabla sijafumbua macho nilisikia selotepu ikivutwa, ikikatwa, ikivutwa tena. Nilipotoka chumbani, sebule ilikuwa imejaa maboksi. Mama mwenye nyumba, mjane wa Tanga aliyenipangisha chumba hapa Flemingdon Park, Toronto, alikuwa anafunga sufuria zake kwa kanga.

Binti yake alimtaka ahamie Calgary, magharibi ya mbali ya Kanada, akalee mjukuu. Alikuwa amesema atafikiria, nami nikajiaminisha hatakwenda. Bila yeye, siku nzima ningeipitisha bila kutamka neno la Kiswahili.

“Umeamua, Mama?”

“Nafunga tu. Kufunga si kusafiri.”

Nikafungua kompyuta. Riwaya yangu hailipi kodi, kwa hiyo namfanyia kazi profesa anayechunguza matabaka ya Toronto ya zamani. Nasoma kurasa za sensa, natazama kazi ya kila mtu, kisha nampa daraja. Mama alipenda kuvuta kiti akawaulizia marehemu hao kama majirani.

“Huyu je?”

“Mjane, mfua nguo. Mkuu wa kaya. Daraja la chini.” Nikafungua sensa iliyofuata. “Hapa amehamia kwa mkwewe, karani wa benki. Safu ya kazi imeachwa wazi. Kwa kanuni yetu anachukua daraja la mkwewe.”

“Kahama, kapanda?”

“Amepanda.”

“Mkwe wangu mhandisi. Na mie nikienda?”

“Juu kabisa.”

“Loo! Na magoti haya?” Akacheka hadi akafuta macho. “Na nikibaki?”

“Ukibaki, mkuu wa kaya ni wewe.”

Nilitaka kuongeza: basi baki. Nikaukodolea macho ule ukurasa wa wafu.

“Na wewe, nikiondoka?”

“Mkuu wa kaya. Mtu mmoja.”

Cheko likamwisha. Alinipapasa kichwa kama wapapaswavyo watoto wenye homa.

“Ningebaki, mwanangu. Lakini yule mtoto analia kwenye simu. Analia Kiingereza, ila analia.”

Jumamosi teksi ilipofika alikuwa ameshazungumza na ofisi ya jengo, mkataba wake wa kupanga uandikwe jina langu. Nilishika sanduku nimsindikize hadi chini, kama inavyopasa. Akanipokonya.

“Ishia hapo. Ukinifuata nitarudi, na mtoto atanisubiri bure.”

Nikaishia kizingitini, nikarudi ndani hatua moja. Akauvuta mlango mwenyewe kutoka nje, akausukuma kuhakikisha umefungika.