Waisiko, Mwenye Boma wa Busawe

Jua halijachomoza Busawe, na Waisiko amekwisha inama shambani. Anapalilia ulezi, jembe lake fupi likichuna magugu bila kugusa mche. Mstari wa pili yuko Gati, tumbo mbele, anajikokota.

"Mama, pole pole, unaniacha!"

"Nikikungoja tutalala hapa hapa. Hebu tega kitu, tusisinzie."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mume wangu huvaa shanga."

Waisiko anacheka hadi anashika kiuno. Jibu analijua, maana ni yeye mwenyewe.

Shamba hili ameanza kulilima mwaka huu wa 1958. Lile la zamani liko bondeni, kando ya mto, alikolima tangu siku alipoolewa na marehemu Wangwe. Mwaka jana serikali ilitenga ukanda ule ili wanyama wa porini wapite kwenda kunywa maji. Ardhi ikabaki ya wenyewe, lakini jembe lisiingie tena wala nyumba isijengwe. Kwa fidia, kila boma likaahidiwa shamba la ukubwa ule ule huku juu, pamoja na fedha za nyumba na mazao.

Kila boma, sawa. Lakini hili lilikuwa boma la nani? Wangwe alifariki kabla hawajapata mtoto. Basi Waisiko akafanya kama wafanyavyo Wakurya: akatoa ng'ombe wa mahari, akamwoa Gati, ili watoto wa Gati, hata baba yao awe nani, wawe watoto wa nyumba yake.

Karani wa fidia, mgeni kutoka mbali, mambo hayo hakuyajua. Siku ya baraza alimwita Nyangwine, shemeji yake Waisiko, akamwambia shamba na fedha ni vyake yeye, kwa kuwa ndiye mwanamume wa ukoo.

"Nilimgeukia shemeji," Waisiko anamwambia mwandishi wa habari hii. "Nyangwine ana watoto tisa, na shamba lake kama kiganja. Nikasema leo nimekwisha."

Pale barazani, mbele ya wazee, karani akamgeukia Gati. "Wewe ni mke wa nani?"

"Wa huyu mama."

Watu wakaangua kicheko. Karani akaitupa kalamu mezani, akidhani anachezewa.

Ndipo Nyangwine akasimama. Ni mtu wa mizaha, hata msibani hutania, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa mkavu.

"Bwana, mimi sichukui. Ng'ombe wa mahari niliwaswaga mimi mwenyewe mpaka kwa baba yake Gati, nikanyeshewa njia nzima. Mwenye boma ni huyu. Nikila shamba lake, kesho nitampita njiani kwa uso gani?"

Wazee wakaitikia kwa sauti moja. Bwana Shauri, afisa wa serikali aliyesimamia baraza, akawauliza tena kama ni kweli, kisha akaagiza Waisiko apimiwe shamba lake.

Fedha alizopewa, shilingi mia moja na themanini, alinunulia plau ya kukokotwa na ng'ombe. Wanaitumia pamoja na Nyangwine.

Si kwamba hakupoteza kitu. Udongo wa bondeni ulikuwa mweusi na laini. Huu una mawe. Kaburi la Wangwe nalo liko kule, ingawa kilichokatazwa ni kulima na kujenga tu. Kulizuru na kukata nyasi za kuezekea hakuna anayemkataza.

"Serikali imenipa shamba, nashukuru," anasema. "Lakini usingizi alinipa Nyangwine."

Mwenyewe huyo anapita njiani na ng'ombe wake. "Shikamoo, mzee!" Gati anamwamkia.

"Marahaba. Shemeji, bado hamjamaliza? Wanaume wa boma hili wavivu kweli!"

"Njoo ushike jembe, maneno hayapalilii!" Waisiko anamjibu.

Debe la kwanza la ulezi litakwenda kwa Nyangwine. Hilo Waisiko amekwisha amua. Baada ya mavuno atamjengea Gati nyumba, mtoto azaliwe ndani yake. Akiwa mvulana ataitwa Wangwe.

Na akiwa msichana?

Waisiko anajinyoosha, anafuta jasho, anamtazama mwandishi kama mtu aliyeshindwa kitendawili chepesi.

"Kwani mimi nilizaliwa nini?"

Kisha anainama, anaendelea na mstari wake.