Fimbo za Ukutani

Juzi kwenye televisheni watu walibishana nani bingwa wa snuka, wa zamani au wa sasa, nikakumbuka meza ya biyari ya baba, kule Rumonge, na harufu ya mawese dirishani.

Ukutani ilitundikwa fimbo moja, ya marehemu fundi seremala, bingwa wa enzi za Wabelgiji. Wachezaji walibishana kama mwalimu wetu anamzidi.

"Bado," baba alisema. "Ya mwalimu ingali iko mukononi."

Nikadhani fimbo hutundikwa kwa ushindi.

Mwaka ule wa sabini na mbili, baada ya malori ya jeshi kubeba watu usiku, alasiri moja nilikuta fimbo tano ukutani, ya mwalimu ikiwemo. Nikapiga makofi.

"Baba, mwalimu ameshinda!"

Baba aliendelea kufuta meza.

"Ndiyo, mwanangu. Hakuna wa kumufunga tena."