Rola Mbili na Cheni ya Mwenyekiti

Kanisa letu hapa Zombe lina dirisha linalotazama ukuta. Ndugu mmoja alilitoa wakati jengo lilikuwa limeshakwisha, na kwa kuwa zawadi iliyotolewa mbele ya waumini hairudishwi wala haifichwi, tulibomoa matofali tukaliweka palipopatikana nafasi, mkabala na ukuta wa stoo. Ukilifungua unaona matofali. Kila Jumapili shemasi hulifungua asubuhi na kulifunga jioni, na mtoaji akipita husimama kidogo, akalitazama, akaenda zake ameridhika. Namshukuru Mungu kwa dirisha hilo. Mvua haijawahi kupitia hapo.

Nimeanza na dirisha kwa sababu mashine yetu ya rola ilibuniwa kwa njia hiyo hiyo.

Pampu ya kisima cha kanisa iko karibu na lango langu. Ni pampu ya mkono, ya zamani, na ndani yake kuna fimbo ndefu za chuma zinazoshuka hadi chini kwenye maji. Moja ilikatika. Tulitafuta nyingine Kitui mjini, tukatafuta hadi Makindu. Zilizopatikana zote zilikuwa nene, haziingii kwenye bomba. Aina ile nyembamba, tuliambiwa, hailetwi tena. Basi mke wangu akarudia njia ya mtoni, kuchimba mchanga na kuteka kwa kikombe, na nyonga yake ni mbovu tangu alipoanguka shambani. Aliondoka na punda asubuhi, akarudi jua likiwa kali, akaketi mlangoni mpaka maumivu yapungue.

Binti yetu ana duka Makindu. Alimpigia mama yake simu.

"Mwaitu, nakwambia mapema. Kiangazi kikianza na hiyo pampu bado imekufa, nakuja kukuchukua. Chumba nimeshapaka rangi."

"Na baba yako?"

"Baba ana kanisa."

Nilikuwa nimeketi hapo hapo, na simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu hakumkatalia. Alitazama nyonga yake kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaibisha mbele ya wageni, akasema, "Sawa, tuone." Katika ndoa yetu ndefu nimejifunza kwamba neno hilo si ahadi wala si mzaha. Nilimwona akianza kukunja leso zake nzuri za kujifunga na kuziweka kando.

Basi suala likaenda kwenye kamati ya maendeleo ya kanisa. Kazi yangu mle, kama mzee wa kanisa, ni kufungua kwa maombi na kufunga kwa maombi. Yaliyo katikati ni ya wengine. Namshukuru Mungu kwa kamati. Subira niliyoisoma katika chuo cha Biblia ilikuwa ya vitabuni, lakini hii ya kamati ni ya mwilini.

Fundi wetu wa sokoni, mtu wa maneno mengi ambaye hajawahi kusema hajui, alikuja na mchoro nyuma ya kalenda kuukuu.

"Wazee wangu, vyuma vinene si viko? Vimelala pale daraja lilipojengwa, vinashika kutu. Mimi nitavikondesha."

"Utavikondesha vipi, kwa kuvinyima chakula?" mwenyekiti akauliza, na watu wakacheka.

Fundi akaeleza, na hata mimi nilielewa. Unaweka rola mbili za chuma, moja juu ya nyingine. Kila rola unaichonga mifereji ya nusu duara, mipana upande huu, inayopungua kwenda upande ule. Rola zikikutana, nusu ya juu na nusu ya chini zinafanya tundu la duara. Unachoma chuma kwenye mkaa mpaka kiwe chekundu, unakipitisha kwenye tundu kubwa, unakigeuza robo ili kisiwe bapa, unakipitisha kwenye linalofuata, na linalofuata. Kila kikibanwa kinakuwa chembamba zaidi na kirefu zaidi. Juu kuna skrubu mbili za kukaza, pembeni mkono wa kuzungushia, na gia mbili zenye meno yaliyoshikana, ili rola moja ikienda huku nyingine iende kule, chuma kivutwe katikati.

"Gia ninazo," alisema. "Za giaboksi ya lori. Ziko chini ya benchi, nimezifunika gunia."

Tulipaswa kusema amina na kwenda nyumbani. Lakini mashine ya kanisa haiwezi kuwa ya fundi peke yake; lazima watu washiriki. Jumapili iliyofuata ikatangazwa, na zawadi zikaja. Ndugu zetu wa Tawa, kanisa tunaloshirikiana nalo, walileta ekseli nzito ya trekta iwe rola mojawapo, nyingine ikiwa yetu, wakataka rola yao ikae juu kwa kuwa wametoka mbali. Akina mama walileta vitambaa vilivyofumwa. Mtu mmoja alileta taa ya pikipiki. Fundi akauliza kwa upole taa ni ya nini, akaambiwa mashine itahitaji kuonekana. Ikafungwa mbele, na vitambaa vikawekwa juu ya skrubu, kimoja kila upande.

Kisha mwenyekiti mwenyewe akasimama na cheni.

Ilikuwa cheni nzito ya mashine ya katani ya marehemu baba yake. Aliishika kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Alisema baba yake alisomesha ukoo mzima kwa cheni hiyo, na sauti yake ilikatika. Wengi wetu tulimfahamu mzee yule, na machozi yalikuwa ya kweli. Kwa hiyo kwenye mkutano uliofuata hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza cheni itafungwa wapi. Ilikuwa wazi kwamba itachukua nafasi ya gia.

Fundi alijikuna kichwa. "Mwenyekiti, cheni ni nzuri. Lakini nikiunganisha rola mbili kwa cheni, zote zitazunguka upande mmoja. Kama magurudumu ya baiskeli."

"Na kuna ubaya gani?"

"Chuma hakitaingia. Ya juu itasema ingia, ya chini itasema toka."

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na hakuna swali linalomkuta amelala. "Fundi," alisema, "mchoro wako una rola mbili katika kiunzi kimoja, na kila moja inaenda njia yake. Huo ni mgawanyiko. Kanisa linaweza kuweka wakfu mgawanyiko? Tawa na Zombe tumeunganishwa na cheni moja, twende upande mmoja. Mimi naona huo ni ujumbe."

"Amina," walisema wanakamati.

"Amina, Pasta?" akauliza mwenyekiti.

"Ni ujumbe," alisema pasta wetu, kijana mwenye tahadhari, akiandika kwa ajili ya mahubiri.

Fundi akatazama sahani ya chapati iliyokuwa mbele yake. Akachukua moja. "Nyinyi ndio wenye mashine," alisema. Nami nikafunga kwa maombi.

Nilipomweleza mke wangu, aliendelea kuchambua maharagwe. "Kwa hiyo fimbo moja ya pampu imekuwa ujumbe."

"Subira," nilisema.

"Mimi ninayo. Muulize nyonga kama anayo."

Siku ya uzinduzi tulikodi hema. Mgeni wa heshima hakufika, alimtuma mwakilishi, naye mwakilishi alichelewa, akaomba radhi kwa niaba ya mgeni na kwa niaba yake mwenyewe. Watu wa Tawa walikuja na sare. Pasta alihubiri juu ya rola mbili zinazokwenda pamoja, na yalikuwa mahubiri mazuri. Nimesikia mabaya zaidi juu ya mambo ya kweli zaidi. Utepe ukakatwa. Fundi akatoa chuma chekundu kwenye mkaa kwa koleo, vijana wanne wa kwaya wakashika mkono wa kuzungushia, na cheni ya marehemu ikaanza kwenda, ikiimba.

Chuma kiligusa rola na kukaa pale pale. Rola ya Tawa ilikivuta, rola ya Zombe ikakisukuma nje. Kilipiga kelele kama nguruwe aliyeshikwa mguu, kikatoa cheche, moja ikaangukia kitambaa cha akina mama, na kitambaa kikashika moto.

"Zungusheni kwa imani!" mwenyekiti akapaza sauti.

Walizungusha kwa imani. Chuma kilipoa, kikawa cheusi, kikabaki vilevile kilivyotoka darajani. Mwakilishi wa mgeni alipiga makofi, kwa kuwa alidhani ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Wiki iliyofuata kamati ilikaa kutafuta chanzo. Mmoja alisema mafuta yaliyopakwa hayakuombewa. Mwingine alikumbusha kwamba fundi na mke wake hawajafunga ndoa kanisani, na ghafla wote tulimtazama fundi, ambaye alikuwa na chapati mdomoni. Watu wa Tawa walituma ujumbe kwamba rola yao ilivuta vizuri, tuichunguze yetu. Uamuzi ulikuwa kufunga na kuomba. Nilifunga. Mawingu yalikuwa yanapungua kila siku, na pale nyumbani leso zilikuwa zimeshaingia kwenye sanduku.

Jioni moja nilimkuta mke wangu amevaa nguo ya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mwenyekiti. Nishike mkono, kile kilima ni kirefu."

"Utamwambia nini? Ukimwambia cheni iondolewe, umemzika baba yake mara ya pili."

"Nani amesema iondolewe?"

Mwenyekiti alitupokea vizuri, akaagiza chai. Mke wangu aliuliza habari za ng'ombe, za wajukuu, za mguu wa mke wa mwenyekiti. Alikunywa chai yote. Kisha akasema, "Mwenyekiti, nimekuwa na jambo la kuniumiza moyo. Ile cheni ya mzee."

"Eeh?"

"Mmeiweka nyuma ya mashine. Kwenye masizi na mafuta. Mgeni akija, anaona nini? Anaona mkono wa kuzungushia. Kitu cha mzee kama yule kinafichwa kama kamba ya punda?"

Mwenyekiti aliweka kikombe chini. Niliona kwamba jambo hilo hajawahi kuliwaza, na sasa lilikuwa linamchoma.

"Kweli, Mama."

"Na ule moto. Siku moja chuma kile kitaikata."

"Ikatike? Hapana."

"Mimi ningeiweka mbele, juu, ikizunguka mahali pake yenyewe, isibebeshwe mzigo. Mzee alishafanya kazi yake. Sasa na apumzike akionekana."

Mwenyekiti alikishika tena kikombe chake. "Lakini rola zitazunguka na nini?"

"Hayo mimi sijui," alisema mke wangu. "Si fundi ana vyuma vyake chini ya gunia? Vya lori tu. Hivyo hata vikichafuka, hakuna atakayelia."

Kesho yake mwenyekiti aliita kikao cha dharura na kutuambia wazo lake. Lilikuwa wazo zuri sana, na tulimshukuru. Suala la umoja lilimsumbua pasta kidogo, kwa kuwa mahubiri yalikuwa yamesharekodiwa, lakini mwenyekiti akasema mikono miwili ya mtu anayekamua nguo nayo inazunguka pande mbili na mtu ni mmoja. Pasta aliandika.

Fundi alifunga gia, akajigamba wiki nzima, akaunguza aproni yake kwa haraka ya kutuonyesha. Safari hii hapakuwa na hema. Chuma chekundu kiliingia kati ya rola kimya kimya, kama mtu anayeingia nyumbani kwake, kikatokea upande wa pili kimekonda. Fundi akakigeuza, akakirudisha. Kila mara kilitoka kirefu zaidi, na mke wangu, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, alisema, "Tazama, kumbe kubanwa kunarefusha." Sikujua kama alikuwa anasema na mimi au na chuma. Fimbo ilikuwa na mabonde kidogo, fundi akalaumu mkaa, lakini iliingia kwenye bomba. Akachonga nyuzi za skrubu kwenye ncha zake, tukaiunganisha, tukashusha.

Pampu ilikohoa hewa, ikakohoa matope, kisha maji yakaja. Mke wangu alipiga simu yeye mwenyewe.

"Hicho chumba," alisema, "kipangishe."

"Mwaitu! Na nyonga?"

"Nyonga iko hapa na mimi. Maji yako langoni. Ukitaka kuniona, njoo, utanikuta."

"Na Baba anasemaje?"

"Baba yako? Anafunga kwa maombi."

Ndivyo nilivyokuwa ninafanya, nimesimama karibu na pampu, na nikasahau kusema amina.

Cheni iko pale mpaka leo, mbele ya mashine, juu, karibu na ile taa ya pikipiki. Inazunguka magurudumu mawili madogo ambayo hayajashika kitu chochote. Vijana wa kwaya wanaipaka mafuta kila Jumamosi. Wageni wakija kutoka Tawa au mbali zaidi kuleta vyuma vyao vya pampu, mwenyekiti huwasimamisha mbele yake na kuwaeleza kwamba hiyo ndiyo siri ya mashine yote. Mke wangu hupita na ndoo yake ndogo, ile tu anayoiweza, hana haraka. Hutua ndoo, huitazama cheni ikienda, na kusema, "Mwenyekiti, inang'aa."

"Inang'aa, Mama," hujibu, na hapo huanza kueleza upya.