Jukwaa la Viboko

Jukwaa la kutazamia viboko, lililoachwa na Wazungu kando ya mto wetu, lilikuwa limeoza. Balozi wa nyumba kumi akatangaza kila kaya ichangie ukarabati. Wengine walileta mbao, wengine misumari au debe la mahindi. Baba hakuwa na kitu ila gobore, basi akachangia kitoweo cha mafundi, maana kwetu mtu hafanyi kazi ya kijiji akala ugali mkavu. Hakuna aliyeuliza ni nyama gani. Sote tuliijua, na tuliila wiki tatu.

Siku ya uzinduzi, mgeni rasmi kutoka Vwawa alipanda ngazi mpya, akatazama maji matupu, akauliza viboko huja saa ngapi. Kijiji kizima kilitazama chini. Aliyefungwa ni baba peke yake.